Kabati la gemu lililotupwa: kulifufua dalili kwa dalili

Kabati la gemu la kutia sarafu likishakaa miaka nyuma ya ghala au uani kwenye nyumba ya wageni, kinachoharibika kwanza kwa kawaida si bodi (ubao wenye chipu za gemu) wala kioo (skrini yake). Ni viungo: pale waya unapoingia kwenye kibanio, bodi inapoingia kwenye soketi yake, chipu inapokaa kwenye kitako chake. Hewa ya Unguja na Pemba ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na chumvi ikikutana na shaba iliyo wazi hufanya ukungu wa kijani unaozuia umeme. Kwa hiyo kanuni inayotangulia zote hapa ni hii: shuku kiungo kabla ya kushuku kifaa. Anayeanza hununua pawa saplai mpya (kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa bodi), kisha bodi nyingine, kisha anahangaika na kioo, kumbe kasoro ilikuwa kibanio kimoja chenye kutu.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: mita ya fundi umeme, pasi ya kulehemu ya wati 40 na waya wa risasi, bisibisi bapa na za nyota, mswaki, brashi ya rangi ya inchi 2, spiriti kali isiyo na rangi, kifutio cheupe cha penseli, waya mmoja wenye vibanio vya mamba pande zote mbili, na balbu ya waya ya wati 60 au 100 pamoja na kishikio chake. Balbu hiyo lazima iwe ile ya zamani inayopata moto. Ya LED haifai kwa kazi hii.

Kabla ya kulichomeka

Usichomeke ili kuona kama linawaka. Tafuta kwanza kibandiko cha volti, ambacho huwa nyuma ya kabati au juu ya transfoma ndani. Kabati la Japani ni la volti 100, la Marekani 120, la Uingereza na Ulaya 220 hadi 240. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. La Japani ukilichomeka moja kwa moja ukutani, ukiwa na bahati itakatika fyuzi. Bila bahati itaungua pawa saplai na chasi ya kioo, yaani bodi inayoendesha skrini, kwa pamoja. Transfoma nyingi za ndani zina miguu kadhaa iliyoandikwa 100, 120, 220, 240, na kazi yote ni kuhamisha waya mmoja. Kama haina miguu hiyo, tumia transfoma ya kushusha umeme ya wati 500. Kabati lenyewe kwa kawaida halizidi wati 200, lakini linapowashwa huvuta zaidi kwa muda mfupi, na transfoma inayofanya kazi ukingoni mwa uwezo wake hupata moto. Kumbuka pia kwamba transfoma iliyoundwa kwa hezi 60 tu huchemka zaidi kwenye hezi 50. Iguse baada ya nusu saa, umeme ukiwa umechomolewa. Kama mkono haukai juu yake, ibadilishe.

Fungua mlango wa nyuma, usafishe. Utakuta udongo wa nyigu, mayai ya mijusi, mende, na nyaya zilizotafunwa na panya. Tumia brashi kavu na kipulizio cha hewa. Maji hayaingii humo hata tone. Waya wowote ulioonesha shaba ubadilishe, usiuzungushie utepe tu. Shingo ya kioo, yaani ule mrija mwembamba wa nyuma, ikae mbali na brashi yako na kiwiko chako. Ikivunjika hewa inaingia, na kioo kimekufa hapo hapo.

Halafu plagi. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa huuzwa na fyuzi ya ampea 13, ambayo ni kubwa mno kwa mashine hii. Weka ya ampea 3. Waya wa kijani na njano lazima ufike kwenye kila chuma kinachoguswa: mlango wa sarafu, bamba la vitufe kama ni la chuma, na fremu ya kioo. Pima kwa mita kutoka mguu mrefu wa plagi hadi kila chuma, usomaji uwe chini ya om 1. Watoto hucheza wakiwa peku juu ya sakafu ya saruji, mkono mmoja uko kwenye mlango wa sarafu. Kabati lisilo na waya wa ardhi lisiwashwe mbele ya mtu yeyote, hata kwa dakika moja.

Mwisho, balbu. Chukua waya wa kurefusha umeme, ukate waya wenye moto peke yake, na uunge balbu katikati ya ncha mbili hizo, ili umeme wote wa kabati upite ndani ya balbu. Washa. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, hakuna nyaya zilizogusana ndani; kapasita, yaani vihifadhi chaji, zilikuwa zinajaa tu. Ikibaki inang'aa kwa nguvu zake zote, ndani kuna kitu kimegusana, na balbu imekuokolea fyuzi na pengine transfoma. Chomoa waya wa kioo ujaribu tena: balbu ikififia, kasoro iko kwenye chasi ya kioo. Isipofifia, chomoa pawa saplai. Kwa majaribio matatu umeshajua kasoro iko chumba gani. Njia hii ni rahisi kuliko zote na wengi huiruka.

Kimya kabisa: hakuna taa, hakuna sauti

Fuata umeme kutoka ukutani kwenda ndani, hatua kwa hatua, mita ikiwa kwenye volti za AC: fyuzi ya plagi, waya, swichi kuu, fyuzi ya ndani, transfoma. Kituo kinachosahaulika mara nyingi ni swichi ya mlango. Makabati mengi yana swichi ndogo inayokata umeme mlango wa nyuma ukifunguliwa. Wewe umefungua mlango ili utafute kasoro, basi hakuna umeme. Nyingi ya swichi hizi ukivuta kipini chake nje hukaa kwenye hali ya kuwaka kwa ajili ya fundi.

Fyuzi iliyokatika inaeleza sababu yake. Kioo chake kikiwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha ndani, kulikuwa na mgusano mkubwa, na ukiweka mpya bila kutafuta chanzo itakatika vilevile. Kama uzi umekatika katikati tu na kioo ni safi, huenda ni uzee au mzigo uliozidi kidogo. Weka yenye ampea zilezile na herufi ileile: T ni ya kuchelewa, F ni ya haraka. Karatasi ya sigara au uzi wa waya mahali pa fyuzi ni njia ya kuunguza nyumba.

Taa ya juu inawaka, lakini gemu haiji

Hapa ndipo makabati mengi yaliyookotwa yalipokwama, na hapa tukae kidogo.

Bodi za gemu zinakula volti 5 za DC. Chipu za zama zile zimeundwa kwa kati ya 4.75 na 5.25. Chini ya hapo zinachanganyikiwa, juu ya hapo zinaungua. Lengo ni 5.00 hadi 5.10 kwenye bodi yenyewe, si kwenye pawa saplai. Tofauti ya sehemu hizo mbili ndiyo siri yote.

Weka ncha nyeusi ya mita kwenye ardhi ya pawa saplai na nyekundu kwenye +5. Tuseme umesoma 5.05. Sasa hamia kwenye bodi. Tafuta chipu ndogo yenye miguu 14 iliyoandikwa namba inayoanza na 74. Ukiishika alama ya mkato, yaani kile kijikato cha ukingoni mwa chipu, ikitazama juu, mguu wa 1 uko juu kushoto. Unahesabu kushuka kushoto hadi wa 7 chini, kisha unapanda kulia hadi wa 14 juu. Kwa nyingi ya chipu hizi, wa 7 ni ardhi na wa 14 ni +5. Yenye miguu 16, ni wa 8 na wa 16. Pima hapo. Ukisoma 4.60, zimepotea volti 0.45 njiani. Bodi ikivuta ampea 3, huo ni moto wa zaidi ya wati 1 unaokaa ndani ya kiungo kimoja kidogo, na ndiyo maana soketi mbovu huwa na plastiki ya kahawia upande wa pini za umeme. Inue soketi uitazame: kahawia ile ni anwani ya kasoro.

Wengi wakiona 4.60 hukimbilia ile skrubu ndogo ya kurekebisha kwenye pawa saplai na kupandisha. Usifanye hivyo kwanza. Ukipandisha bila kusafisha, kiungo kitazidi kupata moto. Na siku kikigusana vizuri kwa bahati, bodi itapata volti 5.5 kwa mpigo.

Tafuta upande unaopoteza. Mita kwenye volti, ncha moja ardhi ya pawa saplai na nyingine ardhi ya bodi, gemu ikiwa imewashwa: isizidi 0.05. Fanya hivyohivyo kwa +5 na +5. Upande wenye namba kubwa ndio wa kusafisha.

Zima, chomoa bodi. Ukingo wake una meno ya shaba yaliyopakwa bati au dhahabu. Meno mazima yanang'aa. Yaliyochoka yana kijivu cha majivu, na pale maji yalipofika kuna kijani. Yasugue kwa kifutio cheupe kwa kufuata urefu wa jino, kisha yafute kwa spiriti. Msasa usiguse hapo, kwa sababu unaondoa ile ngozi nyembamba ya juu na baada ya masika mawili shaba imeliwa. Ndani ya soketi, ingiza na kutoa kadi nyembamba iliyolowa spiriti mara kumi. Ulimi uliolala uinue kwa sindano. Soketi iliyoungua haisafishiki, ibadilishe nzima.

Kabati lililotengenezwa baada ya 1985 aghalabu lina mpangilio wa JAMMA, uliowekwa na chama cha watengenezaji wa Japani: pini 56, yaani 28 kila upande, zenye nafasi ya milimita 3.96. Upande wa chipu huhesabiwa kwa namba, upande wa risasi kwa herufi. Ardhi ni 1, 2, A na B, tena 27, 28, e na f mwishoni. Volti 5 ziko 3, 4, C na D. Volti 5 hasi ziko 5 na E. Volti 12 ziko 6 na F. Nafasi ya 7 ni kizuizi kinachozuia bodi kuingia kinyume. Kama kizuizi kimeng'oka, weka kingine leo kabla hujasahau, maana bodi ikiingia kinyume umeme unakwenda kwenye pini za vitufe.

Gemu za kabla ya hapo kila moja ina mpangilio wake. Bodi ya Pac-Man ya 1980, kwa mfano, hupokea umeme wa AC na kuugeuza yenyewe. Haichomekwi kwenye soketi ya JAMMA bila kiunganishi chake.

Pawa saplai iliyokufa kweli hubadilishwa na ile ya kazi hii yenye +5, +12 na −5. Ya kompyuta ya siku hizi haina −5, ambayo baadhi ya bodi za zamani zinaihitaji kwa sauti au kumbukumbu, na haina skrubu ya kurekebisha.

Gemu inaanza, inakatika, inaanza tena kila baada ya sekunde chache

Bodi nyingi zina mlinzi wa ndani. Programu ikikwama, mlinzi anaianzisha upya, na ikikwama tena anarudia. Sababu ya kwanza ni ileile ya volti 5, pima upya. Kama zimetimia, ni chipu za programu.

Chipu za programu ni zile pana zenye miguu 24, 28 au zaidi, mara nyingi zikiwa kwenye vitako na kibandiko juu. Kibandiko hicho kinafunika dirisha la kioo, na mwanga wa jua unaoingia kwenye dirisha hufuta programu polepole. Usikibandue. Bonyeza kila chipu kwa kidole gumba. Ukisikia mlio mdogo wa kukaa, ilikuwa imepanda. Joto la mchana na ubaridi wa usiku huzisukuma juu kidogo kidogo.

Isipotosha, piga picha ya bodi kwanza, kisha gusa chuma chenye waya wa ardhi ili utoe umeme tuli mwilini. Inua chipu kwa bisibisi ndogo, upande huu kidogo, upande ule kidogo, mpaka itoke imenyooka. Miguu myeusi isugue taratibu kwa kifutio. Rudisha alama ya mkato ikitazama ilikokuwa. Chipu iliyoingizwa kinyume na kuwashwa haifufuki.

Kioo kimejaa takataka: mistari, vipande vya picha, herufi zisizosomeka

Takataka zilizosimama tuli maana yake bodi haikuanza kabisa. Rudi kwenye volti na chipu za programu. Mandhari ikiwa sawa lakini wahusika wana mistari au rangi za ajabu, kumbukumbu ya picha ina kasoro, au chipu ndogo iliyo jirani nayo. Bodi ikiwa imewashwa kwa dakika 5, pitisha kidole juu ya chipu: inayounguza peke yake wakati wenzake ni vuguvugu, ni mshukiwa. Na ukiona chipu za Fujitsu zinazoanza na MB74LS, anza nazo. Zinajulikana kwa mafundi kwa kufa pini za kutolea ishara.

Tazama betri. Baadhi ya bodi zina betri ya kuchajiwa iliyolehemiwa, na baada ya miaka 30 imevuja. Umajimaji wake unakula njia za shaba. Itoe, sugua eneo kwa mswaki uliolowa siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, suuza hapo tu kwa spiriti, kausha siku nzima kivulini. Njia zilizokatika huungwa kwa uzi wa waya mwembamba. Lakini tahadhari moja kubwa: bodi za Capcom za CPS-2, zilizoanza 1993, zina betri ya volti 3.6 inayotunza funguo za programu. Ukiing'oa bila maandalizi funguo zinapotea na gemu haiwaki tena, mpaka ziandikwe upya kwa kifaa maalumu. Jua bodi yako ni ipi kabla ya kugusa betri.

Kioo

Hiki ni kioo chogo kama cha televisheni ya zamani, na ndani yake hukaa volti elfu 15 hadi 25, hata umeme ukiwa umechomolewa jana. Kama huna haja ya kugusa chasi, usiiguse. Ukilazimika, toa chaji kwanza. Chomoa plagi ukutani. Vua saa na pete, vaa viatu vya mpira. Funga kibanio kimoja cha mamba kwenye shina la bisibisi bapa yenye mpini wa plastiki nene, kingine kwenye ule waya uliosukwa unaokumbatia mgongo wa kioo. Si kwenye ardhi ya bodi. Mkono wa kushoto uwe mgongoni. Kwa wa kulia telezesha bisibisi chini ya kile kikombe cha mpira kilichobandikwa mgongoni mwa kioo mpaka iguse chuma cha ndani. Utasikia mlio mkavu, au hutasikia kitu. Subiri dakika 5, rudia, kwa sababu chaji hujikusanya tena.

Sasa dalili. Giza tupu: tazama shingo, taa zikiwa zimezimwa chumbani. Kuna mwanga wa chungwa? Unapowasha, nywele za mkono zinasimama mbele ya kioo? Vyote viwili vikiwepo, kioo kiko hai; pandisha kidogo kitufe kilichoandikwa SCREEN kwenye flaibeki (transfoma ya chasi inayotoa volti kubwa za kioo) mpaka kijivu kitokee. Kikitokea bila picha, tafuta nyaya za rangi kutoka bodi: nyekundu pini 12, kijani N, buluu 13, sinki (ishara inayopanga mistari ya picha) P, ardhi ya picha 14. Pasipo mwanga wala nywele kusimama, umeme haufiki kwenye chasi au sehemu ya juu imekufa. Ukisikia tik, tik, tik, chasi inajizima yenyewe: pima transista kubwa ya mlalo iliyofungwa kwenye bati la kupozea. Ikigusana kati ya kolekta na emita pande zote mbili za kupima, imekufa. Na kabla ya kuweka mpya, ipime flaibeki, kwa sababu aghalabu ndiyo iliyoiua.

Mstari mmoja mweupe wa mlalo katikati: sehemu ya wima imekufa. Punguza mwangaza mara moja, mstari huo unachoma kioo. Kabla ya kununua chipu ya wima, geuza chasi na uangalie risasi kwa tochi na kioo cha kukuzia. Zunguka kila mguu wa plagi ya koili (ile iliyovikwa kwenye shingo ya kioo) na wa chipu ile. Ukiona duara jembamba jeusi limeuzunguka mguu kama ufa kwenye ganda la yai, risasi imepasuka. Ongeza risasi mpya, pasi ikae sekunde 2 au 3. Kasoro nyingi za mstari mmoja zinaishia hapo.

Rangi moja haipo: zima, badilishana nyaya mbili za rangi kwenye plagi ya kioo, washa. Upungufu ukihama kwenda rangi nyingine, kasoro iko kwenye bodi au nyaya. Ukibaki palepale, ni bodi ndogo ya shingoni, transista yake au risasi yake.

Picha inabiringika au imechanika kwa mshazari: waya wa sinki kwanza, kisha virekebishi vya H (mlalo) na V (wima). Kingo zinacheza kama mawimbi, au picha imenywea pembeni: kapasita kubwa ya kuchuja. Ibadilishe pamoja na wenzake wa umajimaji. Ujazo uleule, volti zisipungue, daraja la joto 105 badala ya 85, na mstari wa hasi uangalie ulikoangalia wa kwanza. Madoa ya rangi kwenye kona: sumaku, na mara nyingi spika imewekwa karibu mno, au koili ya kuondoa sumaku haifanyi kazi.

Jambo lisilosameheka: chasi nyingi za zamani, Electrohome G07 ikiwa mojawapo, hazina utengano na umeme wa ukutani. Zinategemea transfoma ya kutenganisha. Mtu akiitoa transfoma hiyo kwa kudhani ni mzigo wa bure, ardhi ya bodi inakutana na moto wa ukutani.

Kwa kazi ya chasi, tafuta fundi aliyezoea televisheni chogo. Bado wapo Mjini, na Chake Chake vilevile. Televisheni ya PAL, mfumo wa televisheni za zamani za kwetu, ilichora mistari 15,625 kwa sekunde, na kioo cha gemu ni karibu 15,700. Flaibeki, chipu ya wima na transista ni za ukoo mmoja. Mpelekee chasi pamoja na kioo chake na koili yake, na umweleze kwamba hakuna sehemu ya kushika mawimbi: picha inaingia kwa nyaya tatu za rangi na moja ya sinki.

Kioo kikiwa kimekufa kabisa, bodi ya kubadilisha picha aina ya GBS-8200 pamoja na skrini bapa ya kompyuta yenye umbo la 4:3 inafaa. Skrini hiyo haiwezi kupokea mistari ya gemu moja kwa moja, na nguvu ya rangi za JAMMA ni kubwa kuliko ya kompyuta, kwa hiyo punguza kwa virekebishi vitatu vya bodi hiyo. Kwa maoni yetu, kioo chogo kikiwa hai, hata chenye kivuli cha gemu ya zamani kilichoungua juu yake, kibaki. Wachoraji wa gemu hizo walichora kwa ajili ya mwanga wake.

Fimbo na vitufe

Kitufe kimoja hakifanyi kazi: gusanisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya. Gemu ikijibu, swichi ndogo imekufa. Isipojibu, fuata waya hadi soketi. Vitufe kadhaa vimekufa pamoja, na cha kwanza ni kizima: waya wa ardhi unaopita kutoka kitufe hadi kitufe umekatika baada ya kile cha mwisho kilicho kizima. Mhusika anatembea peke yake: waya umewekwa kwenye mguu ulioandikwa NC (unaogusana muda wote) badala ya NO (unaogusana ukibonyeza), au mchanga umeingia ndani ya swichi. Swichi za bapa za zamani zisafishwe kwa karatasi ngumu iliyolowa spiriti, kuvuta katikati ya bapa mara tano.

Fimbo ikikwama kwenye mshazari katika Pac-Man, haijaharibika. Ni ya njia 8 na gemu inataka ya njia 4. Nyingi zina bamba chini linalogeuzwa.

Sarafu na sauti

Kipokea sarafu kilipimwa kwa sarafu za kwao, na shilingi 100 au 200 zetu zitapita bila kugusa kitu au zitakwama. Kwa nyumbani, unga kitufe kati ya pini 16 na ardhi, au weka mchezo wa bure kwenye vile vijiswichi vya bodi kama gemu inao. Vijiswichi hivyo navyo hushika chumvi. Visogeze mara 20 huku na huku kabla ya kuamini vimeweka.

Hakuna sauti: gusa spika kwa betri ya volti 1.5. Ikitoa mlio mfupi, ni nzima. Zungusha kirekebishi cha sauti kwenye bodi, maana kutu lake ndilo linalokwaruza. Muungurumo mzito ni kapasita za kikuza sauti. Waya hasi wa spika, pini L, usiunge kwenye ardhi. Kwenye baadhi ya bodi unaua kikuza sauti.

Mbao

Makabati mengi ni ya chipbodi, na chipbodi iliyokunywa maji huvimba na hairudi. Kausha wiki mbili kivulini kwenye upepo, si juani. Kata sehemu ya chini iliyooza hadi ufikie mbao kavu, unga plaiwudi ya milimita 18 ya kuhimili maji kwa gundi na skrubu za kuzuia kutu, ziba kwa putii. Penye vichuguu vya mchwa weka dawa kabla ya rangi. Weka miguu ya sentimita 5, na acha nafasi ya sentimita 10 kutoka ukutani, hasa katika nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, ambazo kuta zake hutoa chumvi na unyevu hata kiangazi. Matundu ya hewa ya nyuma yafunikwe kwa wavu mwembamba wa chuma, yasizibwe.

Jaribio la saa mbili

Chomeka kupitia gadi ya friji, ile inayochelewesha umeme unaporudi baada ya kukatika. Acha gemu icheze yenyewe saa mbili. Kisha pima tena +5 kwenye mguu wa chipu uleule. Zima, chomoa plagi, na uguse soketi ya bodi upande wa pini 1 hadi 6. Namba ikiwa imeshuka zaidi ya 0.05, au soketi ina joto, kuna kiungo hukukisafisha. Andika namba uliyoipata na tarehe kwenye kipande cha utepe ndani ya mlango wa nyuma, na upime tena masika yakiisha.